Karatasi Kwenye Kioo cha Motokaa

Leo tutazungumza habari ya kununua, na habari ya bei.

Ukienda sokoni kununua mkungu wa ndizi, hukuti bei imeandikwa juu yake. Unauliza, "Kiasi gani?" Mwenye ndizi anataja bei yake. Wewe unatikisa kichwa, unataja yako. Yeye anapunguza, wewe unaongeza, na mwisho mnapatana. Katika mapatano hayo hakuna aliyeonewa. Kwa nini? Kwa sababu unazijua ndizi. Umezila tangu utoto, na bei ya jana unaikumbuka. Tena, mwenye ndizi huyu akiwa mkaidi, jirani yake anakuita.

Lakini sasa tuseme kitu chenyewe si ndizi. Ni kitu cha fedha nyingi, cha mshahara wa miezi mingi. Wewe unakinunua mara chache tu katika maisha yako, lakini mwuzaji anakiuza kila siku. Yeye anajua bei yake ya kweli, wewe hujui. Je, mapatano hayo ni ya haki? Mmoja anahesabu, mwingine anabahatisha.

Jambo hili lilitokea Marekani katika biashara ya motokaa mpya. Liliendelea kwa miaka mingi, hata ikabidi itungwe sheria. Sheria hiyo iliamuru kitu kidogo sana: karatasi ibandikwe kwenye kioo cha motokaa. Leo tutaeleza jinsi karatasi hiyo ilivyopatikana, na kwa nini inamfaa yule tu anayeisoma.

Motokaa ya watu wengi

Motokaa za kwanza zilikuwa vitu vya matajiri. Mwaka 1908 Henry Ford, mwenye kiwanda katika mji wa Detroit, alitoa motokaa iliyoitwa Model T. Bei yake mwanzoni ilikuwa kama dola 850. Ford akatafuta njia ya kuziunda upesi. Akaweka mpango ambao motokaa husogea mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja hufunga kipande chake tu. Kazi ikaenda mbio, na bei ikashuka. Kufika mwaka 1925, Model T ya bei ya chini kabisa iliuzwa dola 260. Alipoacha kuziunda mwaka 1927, zilikuwa zimekwisha toka motokaa milioni 15.

Bei hizo zilitangazwa magazetini, na watu walizijua. Lakini angalia neno moja: ilikuwa bei ya kiwandani. Mtu aliyekaa mbali na Detroit alilipa pia gharama ya kuisafirisha motokaa hadi mjini kwake. Gharama hiyo mnunuzi hakuiona katika bei iliyotangazwa. Mlango mdogo wa kuongeza bei ulikwisha funguliwa.

Tena mnunuzi hakununua kwa Ford mwenyewe. Viwanda vilikuwa na mawakala, yaani wenye maduka walioruhusiwa kuuza motokaa za kiwanda fulani. Wakala alizinunua kiwandani kwa fedha zake, akaziuza kwa faida. Mnunuzi hakumwona mwenye kiwanda. Alimwona wakala na watu wake wa mauzo.

Msidhani wakala alikuwa bwana asiye na bwana. Katika mwaka 1920 na 1921 biashara ilizorota Marekani. Ford akaendelea kupeleka motokaa kwa mawakala wake, hata wale ambao hawakuziagiza, naye akataka walipe fedha taslimu zinapofika. Wakala aliyekataa aliogopa kunyang'anywa uwakala. Wengi wakakopa benki. Likumbukeni jambo hili, kwa maana litarudi. Mwenye kiwanda akimsukuma wakala, wakala humsukuma mnunuzi.

Mapatano matatu katika moja

Watu wengi hawakuwa na fedha za kulipa mara moja. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ilianzisha kampuni nyingine ya kukopesha fedha za kununulia motokaa. Mnunuzi alitoa arbuni, akachukua motokaa yake, na fedha zilizobaki akazilipa kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na riba.

Ford hakupenda mikopo. Mwaka 1923 alileta mpango wake mwingine: mtu aweke akiba kila juma, na akiisha timiza bei yote ndipo apewe motokaa. Mpango huo haukushinda. Watu walitaka kuendesha leo na kulipa kesho. Ndiyo tabia ya wanadamu, wala haikuanzia Marekani.

Jambo la tatu likaongezeka. Kwa kuwa watu wengi walikwisha kuwa na motokaa, mtu aliyetaka mpya alikuja na ile ya zamani, akaitoa kama sehemu ya malipo. Wakala akaipokea na kuikadiria thamani.

Sasa angalieni. Mtu anayeingia dukani hana mapatano mamoja, anayo matatu. La kwanza ni bei ya motokaa mpya. La pili ni thamani ya motokaa yake ya zamani. La tatu ni bei ya mkopo, yaani riba. Mambo haya matatu yamesokotwa pamoja kama nyuzi za kamba. Mwuzaji anaweza kulegeza uzi mmoja mbele ya macho yako, huku akikaza mwingine usiouona.

Baada ya vita

Mwezi Februari mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani viliacha kuunda motokaa za raia. Vikaunda malori ya jeshi, vifaru na ndege. Vita ilipokwisha mwaka 1945, magari ya watu yalikuwa yamechakaa, na kila mtu alitaka jipya. Motokaa zilikuwa chache, wanunuzi wengi. Wako mawakala waliotaka fedha za pembeni, au waliomlazimisha mnunuzi kuchukua redio na mapambo asiyoyataka. Mnunuzi alilipa, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Miaka ikapita, mambo yakageuka. Kuanzia mwaka 1953 kampuni za Ford na Chevrolet zilishindana vikali, kila moja ikitaka kuuza zaidi ya mwenzake. Mwaka 1955 viwanda vya Marekani viliunda karibu motokaa milioni 8 kwa mwaka mmoja. Maduka yakajaa. Ule msukumo wa mwaka 1920 ukarudi, na mawakala wakatakiwa wauze kwa kila njia. Hapo hila zikazidi.

Hila zenyewe

Tuzitazame kwa hesabu, maana hesabu haidanganyi. Mfano huu ni wa kufundishia tu.

Tuseme bei ya haki ya motokaa mpya ni dola 2,500. Mnunuzi anayo motokaa ya zamani yenye thamani ya dola 800. Toa 800 katika 2,500. Inampasa kulipa dola 1,700.

Lakini bei haikuandikwa popote. Mwuzaji anasema, "Motokaa hii ni dola 3,000." Kisha anaizunguka motokaa ya zamani, anaisifu, anasema, "Bwana, umeitunza vizuri. Wengine wangekupa 800. Mimi nitakupa 1,100." Mnunuzi anafurahi. Amepewa dola 300 zaidi ya alizotumaini! Akirudi nyumbani atamwambia mkewe jinsi alivyo hodari wa biashara. Haya, toa 1,100 katika 3,000. Zinabaki 1,900. Mtu huyu amelipa dola 200 zaidi, naye anashukuru.

Mnaiona hila? Bei ya motokaa mpya ilijazwa kwanza, ndipo akapewa zawadi kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Hila ya pili ilikuwa katika mkopo. Mwuzaji hakumwuliza mnunuzi, "Unataka kulipa kiasi gani kwa jumla?" Alimwuliza, "Kila mwezi unaweza kulipa kiasi gani?" Tuseme mkopo ni dola 1,700. Kulipa dola 80 kila mwezi kwa miezi 24 ni dola 1,920. Kulipa dola 57 kila mwezi kwa miezi 36 ni dola 2,052. Hiyo 57 masikioni ni nyepesi kuliko 80. Lakini zidisheni wenyewe, mtaona ni ipi iliyo nzito.

Hila nyingine zilikuwa za maneno na za kuchosha. Mwuzaji alikubali bei, kisha akasema, "Ngoja nikamwulize mkubwa wangu." Akarudi na uso wa huzuni: mkubwa amekataa, ongeza kidogo. Wengine walichukua ufunguo wa motokaa ya zamani wapate kuikagua, na mwenyewe alipotaka kuondoka, ufunguo haukuonekana. Tena wako watu waliotia sahihi zao kwenye karatasi isiyojazwa. Waliambiwa, "Weka sahihi hapa, sisi tutajaza baadaye." Ikajazwa kweli, lakini si kwa namna walivyoahidiwa.

Si kila wakala alifanya hivyo. Wako waaminifu, na hao nao waliumia, kwa kuwa mnunuzi aliwakimbia na kumfuata yule aliyeahidi dola 1,100 kwa motokaa ya dola 800. Bei ikifichwa, mwuzaji mwaminifu huonekana mchoyo, na mdanganyifu huonekana mkarimu.

Seneta Monroney

Katika Baraza la Senati la Marekani alikuwamo mtu jina lake Mike Monroney, seneta wa jimbo la Oklahoma. Tangu mwaka 1955 yeye na wenzake katika kamati waliwaita mawakala, wenye viwanda na watu wengine kutoa ushahidi juu ya biashara ya motokaa.

Mawakala wenyewe walikuja na malalamiko yao. Walieleza jinsi viwanda vilivyowabana. Mwaka 1956 ilitungwa sheria ya kuwapa mawakala haki ya kuvishtaki viwanda visivyowatendea kwa nia njema. Hivyo wakala akapata ngao yake. Mnunuzi bado hakuwa na yake.

Ngao ya mnunuzi ilikuja mwaka 1958. Tarehe 7 Julai mwaka huo Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kufichua habari za motokaa. Ilianza kutumika kwa motokaa za toleo la mwaka 1959. Sheria iliamuru kila motokaa mpya ibandikwe karatasi kwenye kioo, nayo ieleze mambo haya:

1. Aina ya motokaa na namba yake.
2. Mahali ilipoundwa kwa mwisho.
3. Jina la wakala aliyepelekewa, na njia iliyosafirishiwa.
4. Bei ambayo mwenye kiwanda anashauri iuzwe.
5. Bei ya kila kitu kilichoongezwa na kiwanda, kama redio, kimoja kimoja.
6. Gharama ya usafiri.
7. Jumla ya yote.

Kiwanda kisichobandika karatasi kilitozwa faini hadi dola 1,000 kwa kila motokaa. Na mtu aliyeibandua au kuibadili kwa makusudi kabla motokaa haijafika kwa mnunuzi, aliweza kutozwa faini hadi dola 1,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Kwa karatasi tu! Hapo ndipo mtaona kuwa karatasi hiyo haikuwa kitu cha mchezo. Hata leo Wamarekani huiita kwa jina la Monroney.

Sasa mrudieni yule mnunuzi wetu. Mwuzaji akisema, "Dola 3,000," yeye anatazama kioo na kusoma 2,500. Hila imekwisha kabla haijaanza. Hakupigana wala hakugombana. Amesoma tu.

Yale ambayo karatasi haikuyafanya

Lakini, ndugu, somo la historia likieleza ushindi tu si somo kamili. Lazima tuseme na yaliyobaki.

Kwanza, bei ya karatasi ni ushauri. Sheria haikumlazimisha wakala kuuza kwa bei hiyo. Aliweza kuuza kwa chini, na aliweza kuuza kwa juu. Mwaka 1990 General Motors ilianza kuuza motokaa za Saturn kwa mpango wa bei moja isiyobishaniwa, na wanunuzi wengi waliusifu, ingawa jina hilo liliachwa mwaka 2010. Na mwaka 2021, vipuri vya umeme vilipoadimika na motokaa kuwa chache, mawakala wengi wa Marekani waliuza kwa bei zaidi ya ile ya kwenye kioo. Ilikuwa kama ile miaka ya baada ya vita.

Pili, karatasi ilisema bei ya motokaa, haikusema bei ya mkopo. Uzi huo wa tatu ulibaki gizani miaka 10 zaidi. Mwaka 1968 ilitungwa sheria nyingine ya kumlazimisha mkopeshaji aeleze wazi riba ya mwaka na jumla ya gharama ya mkopo.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1991 profesa wa sheria, Ian Ayres, alitoa uchunguzi alioufanya kwa mawakala wa mji wa Chicago. Aliwatuma watu waende kama wanunuzi: wanaume na wanawake, weupe na weusi. Wote walifundishwa maneno yale yale na namna ile ile ya kupatana. Walipatanisha motokaa za aina moja. Je, walitajiwa bei moja? Hapana. Wanaume weupe walitajiwa bei ya chini. Wanawake weupe walitajiwa bei ya juu kuliko wao. Watu weusi walitajiwa ya juu zaidi, na wanawake weusi ya juu kuliko wote.

Karatasi kwenye kioo ilikuwa ile ile kwa wote. Lakini punguzo hutolewa kwa mdomo, na mdomo humtazama mtu usoni kwanza. Mahali bei inapoandikwa na kushikwa kama ilivyoandikwa, mwanamke na mwanamume, mweupe na mweusi, husoma tarakimu ile ile. Mahali inapoachwa kwa maneno, mnyonge hulipa zaidi.

Yatuhusu nini sisi?

Pengine mwanafunzi mmoja atauliza, "Mwalimu, mimi nina baiskeli. Motokaa mpya za Marekani zinanihusu nini?"

Zinakuhusu. Anayenunua cherehani kwa mkopo, anayekopa fedha za mbolea, anayelipia kiwanja, anayenunua pikipiki ya kubebea abiria, wote wanakutana na nyuzi zile zile tatu: bei ya kitu, thamani ya unachotoa, na gharama ya mkopo. Zifumue. Uliza kila moja peke yake. Andika tarakimu zake kwenye daftari lako, kisha ujumlishe mwenyewe.

Haki hii si ya Wamarekani peke yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari zinazohitajika ili apate faida kamili ya kitu alichonunua. Lakini haki ya kupewa habari ni kama maji ya kisima. Yapo, ila lazima uwe na ndoo. Ndoo yenyewe ni kusoma na kuhesabu, na ndiyo mnayoitengeneza jioni hizi darasani, baada ya kazi, mkiwa mmechoka.

Kwa hiyo shikeni mambo matatu. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Usitie sahihi karatasi isiyojazwa. Na mtu akikuharakisha usisome, jua kwamba kuna jambo ndani yake analotaka usilione.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mapatano ya ndizi ni ya haki kuliko mapatano ya motokaa isiyoandikwa bei?
2. Motokaa mpya ni dola 2,800 na ya zamani ina thamani ya dola 600. Mwuzaji anataja 3,300 na kuahidi 900 kwa ile ya zamani. Mnunuzi amepoteza kiasi gani?
3. Je, wakala peke yake ndiye aliyekuwa na kosa? Mwenye kiwanda alikuwa na sehemu gani?
4. Mwanafunzi aeleze kitu alichonunua kwa mkopo, kisha darasa lijumlishe pamoja fedha zote alizolipa.

Haya, ndugu zangu, somo letu limekwisha. Kwaherini, na someni vema.